Madumu Yanayolipa Kodi

Mwalimu Winfrida alikuwa mdadisi, na wala hakuona haya. Akizunguka Ujiji kutafuta chumba, aliona milango mingi imepigwa makufuli makubwa, madirisha hayafunguliwi, kamba za nguo tupu. Sasa hawa wapangaji ni watu gani, hawafui wala hawapiki?

"Mafuta ya mawese," akajibu Iddi, dalali aliyekuwa akimzungusha tangu asubuhi. "Wafanyabiashara wanayanunua msimu yakiwa bei chee, wanayafungia humo kwenye madumu mpaka yapande. Dumu halichoti maji, mwalimu, wala halilalamikii choo. Na linalipa kuliko wewe."

Winfrida alicheka, kisha roho ikamuuma. Kila alfajiri alitoka kwao Ilagala, na bado alifika shuleni kipindi cha kwanza kimeanza. Mwalimu mkuu alishamwambia waziwazi: asipopata chumba mjini, darasa atapewa mtu mwingine. Na darasa lile alilipenda, hata na vurugu zake zote.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja, Bi Saumu. Chumba kilikuwepo, naam, ila kilijaa madumu ya mtu aitwaye Gervasi, naye alikuwa Kongo, kaondoka na ufunguo. Iddi akaaga. Winfrida alibaki amesimama, macho chini ya mlango.

"Bibi, hiki chekundu kinachotoka hapa ni nini?"

Bi Saumu akainama, akagusa, akanusa kidole. Akampigia Gervasi simu papo hapo, naye huko ng'ambo ya ziwa akasema vunjeni tu. Kufuli likavunjwa. Dumu la chini lilikuwa limepasuka kwa uzito wa wenzake, mafuta yametapakaa sakafuni. Winfrida akavua viatu, akasaidia kuhamisha madumu yaliyobaki, huku akipima kwa macho kitanda kitakaa wapi.

"Mwambie nitalala humu niyaangalie, bibi. Nusu ya chumba yake, nusu yangu, na kodi tugawane."

"Utaweza kuishi na madumu, mwanangu?"

"Darasani nina watoto wengi kuliko haya, na haya hayapigi kelele."

Gervasi alinung'unika kwenye simu, akakubali, angefanyaje? Winfrida akanunua kufuli jipya, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Tangu hapo kengele ya shule ikawa inamkuta darasani.

Mawese yalipopanda bei, Gervasi akarudi kuchukua mali yake. Alifika mlangoni, akatoa ufunguo wake wa zamani, akautazama, akaurudisha mfukoni. Ikabidi apige hodi.

"Subiri kwanza," akajibu mwenye chumba kutoka ndani.