Mkono Uliolaliwa na Paka

Chumba changu cha kushonea kina wenyewe, na mimi si mmoja wao. Wenyewe ni paka wawili. Kiraka analala kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, na akiamka anabingirisha bobini sakafuni mpaka uzi unazunguka miguu yote ya cherehani. Meneja, dume lenye mashavu manene, yeye hachezi. Anapanda meza ya kukatia, analala juu ya kazi, ananitazama utadhani nimechelewa kazini.

Watu wananiambia niwafungie nje. Wafunge midomo yao kwanza! Nimeshajaribu. Meneja alilia mlangoni mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna mgonjwa. Siku hizi namwacha alale juu ya karatasi ya kukatia, nazunguka naye kwa mkasi taratibu, maana mwili wake ule unaibana karatasi kuliko pini kumi.

Basi, mama mkwe akaniletea kitambaa chake. Cha buluu, chenye maua madogo meupe, alichonunuliwa na marehemu baba mkwe mwaka wake wa mwisho. Miaka tisa kimekaa sandukuni. Mafundi wangapi wamekiomba, kawanyima wote.

"Wewe nakuamini, mwanangu," akasema, halafu akamtupia Meneja jicho. "Huyo simwamini."

Alitaka gauni la mikono mirefu, na kitambaa kilitosha kwa kubanabana tu. Nilifurahi, jamani! Tangu niolewe, ndiyo kwanza ananiachia kitu chake nikishike peke yangu.

Nikapiga pasi, nikakunja, nikapanga karatasi. Kifua, mgongo, sketi, vyote vikakatika vizuri. Kufika kwenye mikono, Meneja akapanda, akajinyoosha, akajigeuza mara mbili, akasinzia. Nikamzunguka kama kawaida yangu, huku naimba. Alipoinuka, ndipo nikaona. Karatasi ilikuwa imejikunja chini ya tumbo lake, na mimi nimefuata ukingo wa mkunjo. Mikono yote miwili, kwa mpigo mmoja, imeishia kwenye kiwiko. Kilichobaki hakitoi mkono mzima, na nikiunga, mshono unapita katikati, kila mtu atauona.

"Mshenzi we!" nikamfokea. Akapiga miayo.

Sisemi uongo, nililia. Mume wangu akachungulia, akaona, akanong'ona, "Mwambie mama wezi wameingia." Nikamrushia chaki.

Nikapiga simu mwenyewe, nikamwita mama mkwe. Alipoingia tu nikamwaga yote bila kupumua: paka, karatasi, mkasi, upumbavu wangu. Nikangoja kutukanwa. Yeye akachukua vile vipande vya mikono, akavipima begani kwake, kimoja, kisha cha pili. Akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimeshamliza mama wa watu.

Kumbe anacheka! Anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Baba yenu alinunua hiki akasema kashone mkono mfupi," akasema. "Nikamwambia, mwanamume una wazimu, mtu mzima mimi nitembee viwiko nje? Akasema anaipenda mikono yangu, anataka kuiona. Tukazozana wiki nzima. Nikakitia sandukuni kwa ubishi tu. Halafu akafa, na mimi nikashindwa kukikata. Kukikata kirefu naona namkatalia tena. Kukikata kifupi, nani wa kuiona?"

Nikavichukua vile vipande mapajani kwake, nikavinyoosha.

"Sasa kimeshakatwa," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Shona hivyohivyo."

"Mama, kweli?"

"Nimesema shona. Na usiniongezee urembo wa kufunika viwiko."

Akasimama katikati ya chumba, akakunja mikono ya blauzi yake mpaka juu kabisa, akaninyooshea mikono yake nimpime.