Injini ya Hayat

Hayat alizaliwa Massawa, mji wa bandari wa Eritrea, akakulia ukimbizini Mombasa, akaolewa na Talib wa Unguja. Mwaka 1990 wawili hao walikuwa wakiishi Queensbury, London, na vita vya kuikomboa Eritrea vilikuwa vimeingia baharini. Wapiganaji walikuwa wameshauteka mji wake wa kuzaliwa, lakini visiwa vilivyo mbele ya bandari vilikuwa bado mikononi mwa adui, mwenye manowari. Wapiganaji walikuwa na viboti tu.

Jumapili moja, kwenye mkutano wa Waeritrea, mwenyekiti Asad aliomba msaada. Wanaume wachangie injini za boti, akasema, na akina mama wachangie unga na bendeji.

Hayat akasimama. "Unga tumepeleka hata tumechoka. Safari hii na sisi tunanunua injini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani akatoa bangili zake za mahari. Talib akang'aka: "Mimi siasa zilinitoa kwetu na nguo nilizovaa, leo wewe wataka kununua vita? Viboti vile havimalizi wiki!"

"Mahari ni haki yangu, Talib. Hukunikopesha."

Akapanda basi hadi Southall, kwa Praful, sonara mzaliwa wa Kisumu.

"Mama, hizi ni za harusi," Praful akamsihi. "Enda ufikirie kwanza."

"Nimefikiria tangu utotoni. Pima."

Injini ikanunuliwa, ikasafirishwa. Kabla mwaka haujaisha Asad akapiga simu: ndege za adui zimeipiga boti iliyofungwa injini ile, imezama na vijana wawili.

Hayat aliketi sakafuni jikoni akalia kwa kwikwi. Talib akaja akachutama kando yake. "Basi, mke wangu. Umeshafanya yako."

"Sijafanya." Akajifuta uso kwa kanga, akavua mkufu shingoni, dhahabu ya mwisho aliyobaki nayo. "Wakizamisha moja, tunapeleka nyingine. Bahari ile ni yetu."

Alidhani mumewe atagomba. Talib akainuka, akachukua koti. "Mvua inanyesha. Nitakupeleka na gari."

Mei iliyofuata adui akashindwa, akaondoka Eritrea. Ukumbini akina mama walipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje kutazama. Asad akamwita Hayat jukwaani apongezwe. Akapanda, akazikataa pongezi, akataja kwa sauti kuu majina ya wale vijana wawili, na ukumbi mzima ukayataja pamoja naye.