Kitufe Kilichojificha

Mimi nina mdomo, na sijawahi kukataa. Ofisini wananijua: nikiona kitufe kimekaa vibaya kwenye skrini ya gari, naweza kugomba mpaka watu wakahama meza. Ndiyo kazi yangu. Ile skrini iliyo kando ya usukani, unayoigusa upate redio, ramani, simu, baridi na joto, haijipangi yenyewe. Kuna watu wanakaa chini wanatunga kanuni: kitu gani kikae wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, kionekane lini. Magari yote ya kampuni yanafuata kanuni hizo. Na ile iliyosifiwa kuliko zote niliitunga mimi: kisichotumika kijifiche.

Yaani kitufe usichokigusa kwa muda kinaondoka usoni, kinaenda kulala ndani ya menyu, skrini inabaki safi. Bosi wetu tunamwita Baba Nafasi, kwa sababu ukimwonyesha mchoro wowote anakwambia uache nafasi ipumue. Aliipenda kanuni yangu mpaka akanipigia makofi mbele ya watu, nami nikachekelea, meno yote nje.

Tuliipima vizuri tu, au ndivyo tulivyojidanganya. Tulifunga usukani kwenye meza, tukaweka kiti cha gari nyuma yake na picha ya barabara ukutani, tukawaita watu wa ofisi za jirani waje waendeshe. Tukahesabu vidole vyao vinagusa nini. Kitufe cha kukausha ukungu kwenye kioo cha mbele hakikuguswa na mtu. Kingeguswaje, jamani, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mbele ya ukuta? Hatukujiuliza. Tukakitia kwenye kundi la visivyotumika, tukaenda kula.

Dada yangu alinunua gari lenye skrini hiyo kwa sababu yangu. Ndiye mkubwa wetu, mkunga, na ndiye aliyenisomesha kwa mshahara wa zamu za usiku. Aliwatangazia wodi nzima kwamba gari lake limetengenezwa na mdogo wake. Nilimwambia asinizushie, mimi ni skrini tu. Akasema skrini ndiyo uso wa gari, na mtu anajulikana kwa uso.

Kisha mvua zikaanza. Asubuhi moja alikuwa anampeleka mama kupima macho. Kwenye mteremko kioo kikajaa ukungu ghafla, gari likapanda ukingo wa barabara, likagonga nguzo upande aliokaa mama. Dada hakupata hata mchubuko. Mama alivunjika nyonga.

Nilipomuuliza Dada ilikuwaje, alisema alizubaa. Kuna kitu alikuwa anakitafuta kwenye skrini asikione, macho yakatoka barabarani. "Uzembe wangu tu, mdogo wangu," alisema. Nikakimbilia gereji lilikovutwa gari, nikamwomba fundi aniwashie. Skrini ikawaka, nzuri, safi, ina nafasi ya kupumua. Kitufe cha ukungu hakipo. Nikakitafuta mimi mwenyewe niliyekificha, gari limesimama, kioo kikavu, hakuna anayenipigia honi, na bado nikapotea njia kabla ya kukipata. Nililia palepale kwenye kiti. Fundi akanipa pole, akanituliza kwamba bodi ya gari itanyooka tu.

Sasa ungetegemea mwenye mdomo aseme. Wapi! Nilikwenda kazini, nikamwambia Baba Nafasi kwamba kwenye magari mapya vitufe vya usalama visijifiche kabisa. Akaniuliza wazo limetoka wapi. Nikasema nimefikiria tu. Akanisifu tena. Hata magari yaliyokwisha kuuzwa yangeweza kurekebishwa kwa mtandao, kama simu inavyorekebishwa, lakini kwa hilo lazima mtu aripoti kwamba kuna kosa, na kosa lina mwenyewe. Nikazipokea zile sifa kwa macho makavu, nikarudi mezani kwangu, nafsi ikinisuta.

Mama akatolewa hospitali, akarudi kwa Dada, ambako ameishi tangu baba afariki. Dada alimhudumia kama anavyowahudumia wazazi wodini, kwa mikono ile isiyo na haraka. Lakini kila akimgeuza, mama anaguna kwa maumivu, na kila mama akiguna, Dada anasema amsamehe. Mama anamjibu kwamba alishamsamehe zamani. Nilikuwa nasimama mlangoni na birika la chai nikiyasikia hayo, kisha naweka chai mezani, naaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na Dada alikuwa ananisindikiza mpaka getini.

Kaka yetu ni wa pili kuzaliwa, ila kwa sauti ni wa kwanza. Anauza matairi, na anaongea kama mteja yuko ng'ambo ya barabara. Jumamosi akaitisha kikao hapo kwa Dada, mama akiwa amelala chumba cha pili, akatangaza kwamba mama anahamia kwake siku hiyohiyo. Godoro lilikuwa tayari kwenye gari nje, limefunikwa turubai. Alisema mtu aliyeshindwa kutazama barabara hawezi kukabidhiwa mgonjwa, na kwamba angemuua mama, sasa tungesema nini.

Nilitegemea Dada ajitetee, maana wodini hata madaktari wanamwogopa. Hakujitetea. Alikaa kwenye stuli, mikono magotini, uso umemshuka. Akasema mkubwa ni jalala, lawama zote amezipokea, ila mama aulizwe kwanza anataka kuishi wapi. Kaka akasema hakuna la kuuliza. Basi Dada akainuka, akaanza kukunja nguo za mama moja moja na kuzipanga kwenye begi.

Sikuweza tena.

"Kaka, mwache," nikasema. "Aliyemvunja mama ni mimi."

Kaka alicheka kidogo, akaniita Profesa kama kawaida yake, akasema kila jambo lazima nijitie. Nikawaeleza yote: usukani wa mezani, kanuni yangu, kitufe, gereji. Cheko likamkauka. Alimtazama Dada. Kisha akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anakaza tena kamba za godoro lake, analirudisha alikolitoa.

Dada hakukaa. Bado alikuwa ameshika blauzi ya mama.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile niliyokwenda gereji."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia namwomba mama msamaha."

Nikasema ndiyo. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Natamani angenizaba kibao, ningeshukuru. Aliirudisha ile blauzi kabatini, akanitazama muda mrefu kama anavyotazama mgonjwa aliyeficha dalili.

Akaniuliza wale wengine waliouziwa gari hili, je, wameshaambiwa. Nikatikisa kichwa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na kioo cha dirisha lile kilikuwa kimeanza kujaa ukungu.

"Basi usianze na mimi," alisema. "Nenda kapige simu. Mimi utanikuta."

Nikatoka barazani. Baba Nafasi alipokea kwa uchangamfu, akidhani nimepata wazo jingine. Nikamwambia magari yaliyoko barabarani lazima yarekebishwe leo, yasingoje toleo jipya, na kwamba kanuni mbovu ni ile yangu. Kisha akaanza kunibembeleza taratibu: jambo hilo ni zito, wakubwa watataka kichwa cha mtu, na ninajua fika kitakuwa cha nani. Akaniasa nisijikaange kwa mafuta yangu mwenyewe kwa sababu ya hisia tu. Huenda hakuna hata mtu mmoja aliyeumia. Nilikuwa na mtu yeyote wa kumtaja?

Ndani Dada alikuwa anamgeuza mama. Mama akalia kwa maumivu, nikamsikia mpaka pale barazani, na nadhani Baba Nafasi naye alisikia, maana aliuliza ni nini hiyo.

"Ndiye huyo," nikasema. "Ni mama yangu mzazi. Andika ripoti, na jina langu uliandike."