Uniti Tisa za Samaki

Saa tatu asubuhi, Jumanne, fundi umeme alichomoa friji ya chumba cha nyuma, akachomeka kipimo chake ukutani, kisha akaichomeka friji kwenye kipimo. Ilikuwa friji ndogo, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani mlikuwa na dawa ya kisukari ya bibi, mama wa mshonaji aliyepanga chumba hicho. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Upimaji aliuagiza yeye. Umeme wa nyumba nzima ulikuwa ukiisha kabla ya wiki kwisha, naye alikwisha amua mlaji ni nani. Kilichobaki ni namba za kumuunga mkono. Friji ikithibitika, alisema, laini ya chumba hicho inakatwa. Mshonaji akamwambia kwamba dawa bila baridi ni maji tu, na mama bila dawa hafikishi mwezi. Akajibiwa kwamba kila mtu ana mama. Mtu huyu ndiye aliyeziba dirisha la chumba hicho ili apate ukuta wa kutundika kalenda. Watu wamesahau; ukuta haujasahau.

Fundi alikipa kila chombo siku nzima, akaandika jibu kwa chaki juu ya soketi. Friji, nusu uniti. Pasi, uniti moja kasoro. Cherehani na taa vilitumia kiasi ambacho aliona uvivu kukiandika.

Kisha akapima tangi la samaki sebuleni kwa mwenye nyumba. Lilikuwa refu kuliko kitanda cha bibi, lina hita, pampu mbili, na taa zilizowaka mchana kweupe ili samaki kumi na mmoja wasinyong'onyee. Uniti tisa. Mwenye nyumba alisoma mara mbili, akasema kipimo kimechoka.

"Basi tukipime chenyewe, mzee," fundi akasema. "Tukichomeke kitupu, bila chombo. Kikisoma sifuri, kizima."

Sebuleni kila soketi ilikuwa na kazi ya samaki, kwa hiyo alikichomeka chumba cha nyuma, kando ya kitanda cha bibi. Kesho yake kilisoma uniti sita chini ya sifuri.

Fundi alieleza kwa sauti ileile anayoelezea fyuzi: hapa umeme hauingii chumbani, unatoka. Alisogeza kitanda hatua mbili, namba ikaganda; akakirudisha, ikaanza tena kushuka. Bibi alikuwa amelala pale, mgongo ukutani, tangu tangi lilipoletwa. Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyelalamikia umeme. Malalamiko yalianza bibi alipokonda, mshonaji akawa anamkatia magauni kwa vipimo vya mtoto. Uniti tatu alizoshindwa kutoa ndizo mwenye nyumba alizokuwa akizitafuta kwenye friji.

"Mama, ulijua?" mshonaji aliuliza.

"Nilijua kuna kitu kinaninywa, mwanangu. Nilidhani ni uzee."

Mshonaji alikwisha shika mguu wa kitanda akihamishie ukuta wa pili. Mwenye nyumba akamwambia, kwa upole wa mtu aliyeokota kitu, kwamba chumba ni chake, na kilichomo ndani ya nyaya zake ni chake.

"Laini haikatwi. Nani alitaja kukata? Ila kitanda kikisogea hata shubiri, na friji inachomolewa. Chagua wewe, dada."

Mshonaji aliitazama friji, akaachia mguu wa kitanda. Fundi akachora duara la chaki kuzunguka kila mguu, bila kumtazama usoni, akakunja waya wake akaondoka.

Tangu siku hiyo mwenye nyumba huleta maziwa na mayai kila asubuhi, hukaa hadi bibi amalize, humfunika miguu. Majirani wanamsifu: utu haujaisha duniani, wanasema. Mwezi uliofuata bibi alifika uniti nane, na seremala akaitwa sebuleni kupima nafasi ya tangi la pili.