Mvua ya Siku Nne Herculane

Veturia Humă aliendesha kreni miaka ishirini na saba katika kiwanda cha chuma pale Reșița, Romania. Alikaa juu kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, akipandisha na kushusha mizigo ambayo ingemfanya ng'ombe awe bapa kama karatasi. Alipostaafu, wenzake walidhani atazubaa. Hakuzubaa hata siku moja. Kila Jumanne alinunua gazeti la chemshabongo kwa bei ya mkate, na kufikia Ijumaa alikuwa amelimaliza, tena kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli aliiona ni ya watu wasiojiamini. Kisha kwenye soko la mitumba nyuma ya stesheni akajipatia mashine ya gemu iliyochakaa, ikiwa na gemu tatu, kwa lei tisini. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya matofali ya rangi yanayodondoka kutoka juu, nawe unayageuza na kuyapanga yasiache pengo. Siku ya kwanza kuicheza alicheka peke yake sebuleni. Ilikuwa kazi yake ileile, ila safari hii hakukuwa na msimamizi wa kumfokea.

Dada yake, Fruzina, alimzidi miaka minne na alikaa Timișoara. Alikuwa mjane wa daktari wa meno, na starehe zake zilikuwa za kulipiwa: kuteleza kwenye theluji Austria, kozi ya ufinyanzi, kamera yenye lenzi ndefu kama mkono. Mwezi wa Mei alikuja kumtembelea mdogo wake, akamkuta ameketi kwenye zulia mbele ya televisheni, miguu ameikunja, vidole vinakwenda mbio.

"Veturia! Una miaka sitini na moja!"

"Na pointi laki mbili na arobaini elfu, dada. Sogea kidogo, unanizibia."

"Hii si michezo ya watoto?"

"Nitajie mtoto aliyefikisha laki mbili nimpe mkono."

Fruzina akavua glovu zake kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea akitaka kutoa hukumu. "Mwezi ujao nakupeleka Herculane. Wiki nzima. Maji ya moto, kukandwa mgongo, matembezi msituni. Nalipa mimi. Uone watu wazima wanavyostarehe."

"Nitakuja," akasema Veturia bila kugeuka. "Nani anakataa kukandwa mgongo?"

Akaja kweli. Mkobani alitia nguo mbili za kuogelea, magazeti matatu ya chemshabongo, na ile mashine ya gemu, aliyoifunga ndani ya taulo kama mtoto mchanga.

Mvua ilianza jioni waliyofika, na asubuhi ilikuwa bado inamwagika. Mto Cerna ulivimba ukawa rangi ya kahawa yenye maziwa. Bwawa la nje likafungwa, njia za msituni zikafungwa, na yule mkandaji, aliyekuwa akija kutoka ng'ambo ya mto, hakuweza kuvuka. Wageni kumi na wawili wa nyumba ile ya kulala wageni wakabaki wametazamana ukumbini kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Mama Zamfira, mwenye nyumba, alipita na chai akiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeileta mvua. Siku ya pili mchana, wawili walikuwa tayari wameuliza habari za kurudishiwa pesa.

Veturia alimtazama mwenye nyumba, akamwonea huruma.

"Mama Zamfira, hiyo televisheni yako ina tundu nyuma?"

"Tundu la nini?"

"Wewe niruhusu tu niigeuze."

Fruzina akamshika mkono. "Turi, tafadhali. Usinitie aibu mbele za watu."

"Dada, hawa watu wamehesabu vigae vya sakafu mara mbili. Watanishukuru."

Dakika kumi baadaye matofali yalikuwa yanadondoka kwenye kioo kikubwa cha ukumbini. Mwanzo walitazama kwa mbali. Kisha walisogeza viti. Vidole vya Veturia, vinene, vyenye kovu la kuungua, vilikwenda bila haraka na bila kukosea, na tofali la mwisho la mstari lilipotumbukia penye pengo lake, mzee mmoja mwenye masharubu meupe alijisahau akapiga makofi. Huyo alikuwa Bwana Octavian Prodan, jaji mstaafu kutoka Craiova. Akaomba zamu. Akadumu sekunde hamsini.

"Mheshimiwa, umehukumu haraka mno," Veturia akamwambia. "Liache tofali lishuke, lisikilize kwanza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, jaji mwenyewe akicheka kuliko wote. Jioni ile orodha ya zamu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, magazeti ya chemshabongo yamepasuliwa kurasa na kugawiwa mezani, na mtu anauliza kutoka kona hii jina la mto wa Uhispania wenye herufi nne, anajibiwa kutoka kona ile. Hakuna aliyetaja tena habari ya pesa. Fruzina peke yake aliketi dirishani na jarida lake la mitindo, ukurasa uleule.

Siku ya tatu umeme ulikatika asubuhi. Veturia hakutikisika.

"Tutacheza Fazan," akatangaza. "Ule hauhitaji umeme wala senti moja."

Kila Mromania ameucheza akiwa mdogo. Mmoja anataja neno, anayefuata anataja jingine linaloanza na herufi mbili za mwisho za lile la kwanza. Ukishindwa unapewa herufi moja ya neno *fazan*, yaani kwale wa msituni mwenye mkia mrefu, na zikitimia tano wewe ndiye huyo ndege, unatoka. Ufundi wenyewe ni kumwachia mwenzako herufi zisizoanzisha neno lolote.

Hapa jaji alilipiza kisasi. Alikuwa na kichwa kama kabati la faili. Mmoja baada ya mwingine aliwageuza ndege, Mama Zamfira, maharusi wawili kutoka Arad, mpaka akabaki yeye na Veturia, naye Veturia alikuwa na herufi nne tayari.

"*Colhoz*," akasema jaji kwa sauti ya polepole, akilamba midomo. Shamba la ushirika la enzi za ukomunisti. Kumbukumbu mbaya na herufi mbaya.

Veturia akafikiri. *Oz.* Akatazama dari. Jaji akaanza kuhesabu kwa vidole, tano, nne, tatu.

"*Ozon!*" ikatoka sauti dirishani.

Watu wote wakageuka. Fruzina alikuwa amefunika mdomo kwa jarida, uso mwekundu.

"Pingamizi!" jaji akapaza sauti. "Mtazamaji haruhusiwi kumsaidia mchezaji."

"Basi awe mchezaji," akasema Veturia, akinyanyuka na kumsogezea dada yake kiti. "Mimi ni ndege, nimekubali. Anakaa mahali pangu, aanze na herufi zangu nne. Njoo, dada. Au unaogopa michezo ya watoto?"

Fruzina akaja. Akaketi wima, mikono juu ya meza. Veturia aliujua ule mkao, ingawa hakuwa ameuona kwa miaka hamsini. Wakiwa wasichana walitembea kilomita nne kwenda shule wakicheza Fazan njia nzima, na hakuna siku aliyoshindwa Fruzina. Kisha akapelekwa shule ya bweni mjini, wasichana wa huko wakamcheka kwa lafudhi yake ya kijijini, na aliporudi likizo ya kwanza alikuwa amenyamaza. Mchezo aliuacha hukohuko pamoja na lafudhi.

Sasa alikuwa haachi kitu. Jaji akitupa, anadaka. Herufi za jaji zikafika moja, tatu, nne. Wote wawili sasa walikuwa ukingoni.

"*Coleg*," akasema Fruzina.

"*Egoism*," akajibu jaji papo hapo, akaegemea nyuma. "Na usiniambie *smântână*, bibi, hilo nimelitayarishia jibu."

"Sikuambii malai ya maziwa," Fruzina akasema. "Nakuambia *smalț*."

Ndiyo ile rangi ya kung'aa wanayopaka vyungu kabla ya kuvichoma. Neno lenyewe linaishia kwa *lț*, na hakuna neno duniani linaloanza hivyo. Jaji akasimama na kuinama kama mbele ya mahakama kuu. "Mimi ni kwale," akasema. Maharusi walipiga kelele hadi Mama Zamfira akatoka jikoni na mwiko wa ugali wa mahindi mkononi.

Siku ya nne dada hao wawili waliketi barazani kuutazama mto.

"Kozi ile ya vyungu ilinigharimu zaidi ya pensheni yako ya mwezi," akasema Fruzina. "Nimepata neno moja."

"Neno zuri lakini."

Fruzina hakucheka. "Zile skii za theluji nimezivaa mara mbili, Turi. Kamera sijui hata kuiwasha vizuri. Nilikuwa nanunua watu wa kukaa nao. Kozi ikiisha, kila mmoja anakwenda kwake, hata simu hapigi."

Veturia hakuwa hodari wa maneno ya kufariji. Kule juu ya kreni mtu huonyeshwa ishara kwa mkono, basi. Akamvutia dada yake blanketi magotini.

"Mimi sina tarehe ya kufunga," akasema. "Nipigie asubuhi. Saa tatu nimeshakunywa kahawa."

Jua lilitoka siku ya tano. Mkandaji akavuka, bwawa likafunguliwa, na Fruzina akamwambia Mama Zamfira amwombe mkandaji angoje kidogo, alikuwa na zamu kwenye matofali.

Tangu hapo simu hulia Reșița kila siku saa tatu asubuhi. Hawaamkiani hata, anayepiga hutaja neno, mwingine hujibu, nao huendelea mpaka mmoja awe ndege au mkate uanze kuungua. Ikifika Alhamisi Bwana Octavian huingia kwenye simu ileile kutoka Craiova, mara nyingi ili ashindwe. Juzi Fruzina alipiga akiwa kwenye foleni ya posta, akataja neno moja la kikatili lililoishia kwa *mf*, herufi ambazo hakuna neno la Kiromania linaloanza nazo, akasema zamu yake imefika, akakata. *Triumf*. Ushindi.

Veturia alisimama jikoni, simu mkononi, akilipindua neno lile huku na huku. Akajua dada yake anacheka huko mbele ya karani wa posta.

"Lipo tu," akasema kwa sauti. "Lazima lipo." Akavuta kamusi, akavaa miwani, akawasha jiko kupasha kahawa ya pili.