Sahihi Kumi na Tisa

Barua zilikuwa zikija kila wiki kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Penrith, Australia, na kila wiki Mzee Rufus alimwambia mlezi wake, Fawzia, maneno yale yale: "Warudishie. Waambie samahani."

Ndani ya kila bahasha mlikuwa na kadi yenye picha ya kijana mwembamba aliyeinua mguu, karibu kuachia mpira. Kijana huyo ndiye Rufus wa miaka hamsini iliyopita. Aliirushia mipira timu ya besiboli ya jimbo misimu kumi na minne, akaenda Marekani kujaribu bahati kwenye ligi za chini, bega likachanika, akarudi kuendesha lori la maziwa. Australia ilimsahau mapema. Watu wa huku wana kriketi yao. Lakini wako watu wanaokusanya sahihi za wachezaji kama wengine wanavyokusanya stempu, na hao hawakumsahau. Balaa lilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia, ule ule wa kurushia, ulikuwa umelala mapajani mwake kama si wake.

Fawzia, mtu wa Tanga, alimwonea huruma. Kwao alianza kuandika barua za bibi yake asiyejua kuandika akiwa darasa la nne, chini anatia jina la bibi, na hakuna aliyewahi kuuliza mkono ni wa nani. Basi siku moja akachukua kalamu, akaandika "Rufus" kwenye kadi, akaitia posta bila kumwambia mzee. Kisha ya pili. Zikafika kumi na tisa, na kila moja ilimfurahisha, maana alijiona anapata thawabu.

Jumamosi moja akaja mgeni, Mrundi wa Mount Druitt, si mbali na hapo, anayeitwa Vénérand, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, shati limepigwa pasi, albamu kwapani. Alimkuta Fawzia mlangoni akimaliza kuzungumza Kiswahili kwenye simu, akafurahi mno.

"Dada, wewe ni wa kwetu! Bon, nisaidie. Hii kadi nilitumia huyu mzee, ikarudi na sahihi. Sasa angalia hii ingine ya zamani. R haifanani kabisa."

Fawzia akajifanya haoni. "Kwani kaka, jina si ni lile lile?"

"Jina iko sawa. Mkono ndiyo hapana." Akafungua albamu. "Kwenye kambi ya wakimbizi nilifuata sahihi ya maofisa miaka kumi na moja. Ya chakula, ya kutoka, ya kupanda ndege. Zote niliomba na woga. Hizi naomba na mapenzi. Nataka tu kujua huyu mtu alishika hii karatasi, akanifikiria dakika moja."

Angeweza kusema ni kiharusi kilichoharibu mwandiko; uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini Kiswahili kina neno moja, sahihi, kwa jina unalotia kwenye karatasi na kwa jambo lililo kweli, na maisha yake yote Fawzia hakuwahi kuliwazia hilo mpaka pale. Akamwingiza mgeni chumbani, akaungama yote kwa Kiingereza, amesimama.

Mzee Rufus aliomba kadi. Akaitazama hadi uso ukamwiva. "Mechi nilizoharibu, niliharibu mwenyewe," alisema polepole, maana ulimi ulikuwa mzito. "Sikumpa mtu anirushie. Nilikwambia uwarudishie."

Fawzia akalia. Hakulilia kazi tu; alimpenda mzee huyu, na ndiye aliyemdhalilisha.

Vénérand aliona haya, akataka kuondoka. "Ngoja kaka," Fawzia akasema, akamgeukia mzee. "Bibi yangu, kwenye ofisi ya ardhi, alitia dole gumba. Na hati ikapita."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Fawzia akaleta pedi ya wino ya mihuri na kunyoosha mkono wake amsaidie.

"Usiniguse."

Kwa mkono wa kushoto akaubeba wa kulia, akalichovya dole, akaligandamiza kwenye kadi, kando ya lile jina la uongo. Jasho lilimtoka. Vénérand aliipokea kadi kwa mikono miwili.

"Wamebaki wangapi?" Mzee akauliza.

"Kumi na wanane."

"Waandikie ukweli. Wakirudisha kadi, nitatia dole."

"Mzee, mmoja wao akinishtaki ofisini, kazi sina."

"Najua. Wakikufukuza, niandikie barua ya kukutetea. Dole nitatia mwenyewe."

Fawzia akaiandika barua ya kwanza ya ukweli pale pale, kitandani pa mzee. Alipofika chini, mkono kwa mazoea ukaanza na R. Akaikata, akaandika jina lake na la baba yake, akaifunga bahasha na kwenda nayo posta haraka, kabla moyo haujageuka.