Neno la Mapambo ya Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa msusi, na ulikuwa ukimsikia kabla hujamwona. Bangili zilimpanda mkono hadi karibu na kiwiko, hereni zake zilikuwa pana kama visosi, na mikufu ilibanana shingoni kama watu wanaogombea dirisha. Baadhi ilikuwa dhahabu. Mingi ilikuwa shaba iliyosuguliwa kwa ndimu.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alikuwa akisema, "lakini si vibaya kumsaidia."

Mama yangu, dada yake mkubwa, hakuchoka kumsihi apunguze. Mjane gani anang'aa hivyo?

"Marehemu aliniachia pete moja," Mama mdogo alimjibu. "Hizi nyingine nimejinunulia ili ile isione upweke."

Mwaka niliokuwa nasomea Kiingereza chuoni, mpiga picha mmoja mgeni aliingia saluni akampiga picha akiwa kazini, mikono juu, chanuo mdomoni. Baadaye tukaalikwa kwenye maonyesho yake katika ukumbi wa maktaba. Mama mdogo alivaa kila alichokuwa nacho. Mlinzi alipomwona alimfungulia mabawa yote mawili ya mlango.

Picha yake ilikuwa kubwa kuliko kitanda changu. Chini yake palikuwa na maandishi.

"Nisomee, mwanangu."

"Wamesema wewe ni msusi, na umevaa mapambo."

"Na lile neno uliloliruka kama dimbwi?"

Sikuweza kumdanganya. Walikuwa wameyaita mapambo yake "gaudy".

"Maana yake yanang'aa, Mama mdogo. Ila mtu hulisema akiwa amekunja pua."

Alisimama akiitazama picha. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliziona bangili zile zimetulia kimya. Kisha akasema, "Niitie mwenye picha."

Mpiga picha alikuja akitabasamu. Nilipomweleza, uso ulimwiva. Kumbe Kiingereza kwake kilikuwa cha kujifunza kama kwangu. Kwao walikuwa na lugha yao. Alikuwa ametafuta kwenye kamusi neno la rangi na furaha, akaangukia hilo. Aliomba radhi kwa maneno, kisha kwa mikono, kisha kwa maneno tena.

Nilipomfasiria hayo Mama mdogo akaangua kicheko, na bangili zikaanza upya. "Basi sote wanafunzi! Haya, msomi wangu, nipe mengine nichague."

Tukaketi watatu kwenye benchi. Nikamwambia kuna "showy".

"Shoo, shoo! Hilo la kufukuzia kuku."

"Flashy?"

"Hiyo ni ya kamera yake."

Nikafikiri. "Dazzling. Ni kung'aa mpaka mtu anafumba macho."

Akalirudia taratibu, akiliviringisha ulimini kama peremende. "Hili lina mlio. Niandikie hili. Na uwaambie kwamba sikuvaa kwa bahati mbaya."

Nilihangaika na sentensi hiyo kuliko mtihani wowote. Mwishowe mpiga picha akaandika kwa mkono wake: "She is dazzling, and she knows it."

"Wamesemaje sasa?"

"Anang'aa, na anajua."

Mama mdogo akafuta jicho kwa kidole chenye pete, akajikwaruza, akacheka tena.

Saluni ile siku hizi ni duka la simu. Mapambo tuligawana wanawake wa ukoo alipofariki, na mimi nimekuwa mfasiri; maneno mengi yamepita mikononi mwangu tangu hapo, hata siyakumbuki. Ninachokumbuka ni kurudi nyumbani jioni ile. Nilitaka tupande gari, maana viatu vyake vilikuwa vikimbana. Akakataa katakata. Akavivua, akanipa nivibebe, akanishika mkono, tukapita barabara kuu, yeye pekupeku katikati ya watu wanaotoka kazini, akimwitikia salamu kila aliyegeuka kumtazama.